Bora sensa iliyokufa kuliko inayodanganya

Ndugu msikilizaji, leo nakuomba tuzungumze habari za sensa. Siyo ile ya kuhesabu watu. Nasema sensa za injini, vile vidude vidogo vyenye plagi na waya, vinavyopima joto la maji, presha ya oili, msukumo wa hewa na mwendo wa injini ya lori. Vidude hivyo hupeleka taarifa kwenye kompyuta, nayo ndiyo huamua dizeli kiasi gani iingie katika kila silinda, na iingie wakati gani.

Waliosafiri barabara ya Dar es Salaam kwenda Tunduma wanaujua mlima wa Kitonga, mkoani Iringa. Miaka kadhaa iliyopita nilipewa lifti na lori lililobeba mbolea. Tulipoanza mlima, taa ikawaka na lori likaishiwa nguvu. Dereva akaegesha pembeni, utingo akatega mawe nyuma ya magurudumu. Injini ilipopoa wakafungua rejeta: maji yamejaa. Fundi aliyeitwa kutoka Ruaha Mbuyuni akasema, "Maji si haya hapa? Basi sensa ya joto ndiyo mbovu." Akachomoa plagi yake, na mahali pa sensa akafunga rizista iliyotoka kwenye redio kuukuu. Taa ikazimika, nguvu zikarudi, tukamlipa na kumshukuru.

Hatukufika juu. Injini ilichemka hadi gasketi ya silinda hedi ikaungua, huku mshale wa joto ukionyesha kwamba mambo ni shwari. Baadaye ilibainika kuwa rejeta ilikuwa imeziba kwa chokaa. Maji yalikuwamo, lakini hayakupita. Aliyekatwa mshahara ni dereva.

Ndugu msikilizaji, tangu siku hiyo nimewauliza mafundi wengi, na nimejifunza jambo moja. Kompyuta ya injini inajua kuishi na sensa iliyokufa. Haijui kuishi na sensa inayodanganya.

Sikiliza inavyofanya kazi. Kwa kawaida kompyuta huipa sensa ya joto umeme wa volti 5, na hutegemea jibu lililo kati ya nusu volti na volti 4.5 hivi. Waya ukikatika, jibu hupanda hadi karibu volti 5. Waya ukigusa bodi ya gari, jibu huanguka hadi karibu na sifuri. Majibu hayo hayawezekani kwa sensa iliyo nzima, kwa hiyo kompyuta hutambua kuwa shahidi huyu hafai. Huwasha taa ya njano, huandika kosa kwenye kumbukumbu yake, na hutumia kipimo cha akiba kilichowekwa na kiwanda. Aidha, injini nyingi zikipotewa na sensa ya joto huiwasha feni ya rejeta na kuiacha ikizunguka muda wote, kwa tahadhari. Lori linaendelea na safari.

Sasa tazama alilofanya fundi wetu. Kama angechomoa plagi na kuiacha wazi, feni ingezunguka. Lakini rizista yake ilitoa jibu linalowezekana, tena jibu lile lile asubuhi na mchana: joto ni la kawaida. Feni haikuitwa, nguvu hazikupunguzwa, taa haikuwaka. Njia ya mwongo ni fupi, na ile ya kwetu iliishia katikati ya Kitonga.

Si kila sensa ikifa injini hufanya jambo moja. Ikifa ile ya msukumo wa hewa ya turbo, kompyuta hupunguza dizeli, na lori linapanda mlima kama mzee mwenye pumu. Pedali ya mafuta hupewa vipimo viwili vinavyolinganishwa kila mara. Visipokubaliana, injini hushuka hadi mwendo wa chini, ili lori lisije likaondoka kasi lenyewe. Ile inayosoma mzunguko wa krenki ikifa, injini nyingi hujikongoja kwa kutumia ya kamshafti. Zikifa zote mbili, injini huzimika, kwa kuwa kompyuta haijui tena pistoni iko wapi.

Hali ni tofauti pale sensa ni nzima na hatari ni ya kweli, kama vile presha ya oili kuanguka. Kampuni ya Detroit Diesel ya Marekani ilipoleta mfumo wake wa DDEC mwaka 1985, iliweka taa mbili, ya njano ya kuonya na nyekundu ya kusimamisha. Katika mfumo huo injini inaweza kupangwa ijipunguze nguvu na kujizima baada ya sekunde 30. Dereva huwekewa swichi ya kuahirisha, apate kutoka kwenye reli au kona mbaya. Swichi hiyo si ya kumalizia safari.

Fundi atatofautishaje? Malori mengi huandika makosa kwa kanuni ya J1939, yenye namba mbili. Ya kwanza hutaja kinachopimwa, ya pili hutaja aina ya kosa. Namba 110 ni joto la maji. Ikifuatiwa na 3, volti imepita kiasi, tafuta waya uliokatika. Ikifuatiwa na 4, volti imeshuka mno, tafuta waya unaogusa bodi. Ikifuatiwa na 0, sensa inasema kweli: injini inaungua. Anayesoma 110 tu na kukimbilia dukani kununua sensa amesoma nusu ya barua. Na makosa kumi yakijitokeza kwa pamoja, usinunue sensa kumi. Anza na betri, waya wa ethi, na ule waya wa volti 5 ambao sensa kadhaa huutumia kwa pamoja.

Kwa matajiri wenye malori nina neno. Dereva anayejua kuwa akisimama atakatwa mshahara, atatafuta fundi wa kuzima taa, si wa kutibu injini. Mfungulie mlango wa kusema kweli, kwani siku moja simu yake ya usiku itakuokolea injini. Nanyi mafundi, taa inapowaka msiizibe mdomo. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Ndugu msikilizaji, kwa leo naishia hapo. Tukutane tena wiki ijayo, panapo majaliwa.