Maumivu Sugu ya Bega: Sindano Pamoja na Mazoezi

Maelezo ya tabibu wa fiziotherapia kwa wakaazi waliohudhuria siku ya afya



Nianze na swali. Nani hapa anashindwa kufikisha mkono mgongoni afunge leso, au kuuinua achane nywele? Naona mikono michache, na mingine imeishia nusu njia. Basi hao ndio ninaozungumza nao leo.

Bega likiuma zaidi ya miezi mitatu, hayo tunayaita maumivu sugu. Sababu ni nyingi, lakini mbili ndizo zinazojaza benchi la kliniki yetu. Ya kwanza ni kano za misuli minne inayolishikilia bega kuchakaa au kuchanika. Ya pili ni bega kuganda. Kifuko kinachofunika kiungo huvimba kisha kikakaza, hata mtu mwingine akikuinua mkono hauendi. Hili huwapata zaidi watu wa miaka 40 hadi 60, wanawake kuliko wanaume, na wenye kisukari zaidi ya wengine. Laweza kudumu mwaka mmoja hadi mitatu.

Sasa sindano. Siyo ile ya makalio mnayodungwa kwenye duka la dawa. Hii ni dawa ya steroidi, mara nyingi ikichanganywa na ya ganzi, na mhudumu aliyefunzwa huiingiza ndani ya kiungo chenyewe au karibu na kano. Hutuliza uvimbe, na maumivu hushuka kwa wiki kadhaa. Lakini hailegezi kifuko kilichokaza kwa miezi, wala haiupi msuli nguvu. Hiyo ni kazi ya mazoezi. Na mtu asiyepata usingizi kwa maumivu utamwambiaje afanye mazoezi? Ndiyo maana tunaviunganisha: sindano inafungua mlango, mazoezi yanaingia.

Kuna mama mmoja muuza mboga aliyedungwa, akapata nafuu, akarudi sokoni kubeba magunia siku iyo hiyo. Baada ya miezi minne alikuja akitaka sindano nyingine, na bega limekaza kuliko mwanzo. Nilimuuliza mazoezi aliyafanya? Akasema, "Mwanangu, kwani uliniambia?" Kusema kweli, nilikuwa nimempa karatasi tu. Tangu siku hiyo simwachi mgonjwa aondoke kabla hajanionyesha zoezi kwa mkono wake mwenyewe.

Najua wengi mnahofia nauli. Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Uingereza kwa watu 708 wenye shida ya kano za bega. Waliodungwa walikuwa na nafuu kidogo zaidi wiki ya 8, lakini kufikia mwaka mmoja hapakuwa na tofauti na wasiodungwa. Na waliofundishwa mara moja tu, wakafanya mazoezi nyumbani, hali yao ilikuwa sawa na ya walioitwa hadi mara sita. Kwa hivyo ukija mara moja ukayashika vizuri, hujapoteza. Bega lililoganda ni jambo jingine. Hilo nitaomba uje mara zaidi, kwa sababu linahitaji mkono wa tabibu.

Wenye kisukari, nisikilizeni. Sindano hii hupandisha sukari kwa siku kadhaa, pengine wiki. Mwambieni daktari mapema, na mpime sukari kila siku. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda aseme pia. Bega laweza kuuma zaidi siku moja au mbili baada ya kudungwa, hilo lisikutishe. Likivimba, likawa jekundu na ukapata homa, rudi hospitalini siku hiyo hiyo. Na usidungwe ovyo ovyo: steroidi ikirudiwa sana hudhoofisha kano, ndiyo maana hatupendi kuzidisha mara tatu au nne kwa mwaka kwenye bega moja.

Pia, si kila bega linalouma ni bega. La kushoto likiuma pamoja na kifua kubana, jasho au pumzi kukata, huo huenda ni moyo. Usingoje kliniki, kimbilia chumba cha dharura.

Baada ya sindano, usibebe mizigo mizito kwa siku mbili tatu, kisha uanze polepole. Haihitaji vifaa. Tumia ukuta, leso na mpini wa jembe. Leso uipitishe mgongoni, mkono mzima uvute ule mgonjwa juu taratibu. Ukivuta, usikie mkazo unaovumilika. Maumivu makali yakibaki hadi kesho yake, umezidisha.

Sasa simameni, tuanze na lililo rahisi. Mkono mzima ushike kiti kilicho mbele yako. Inama kidogo, mkono mgonjwa uning'inie. Uache uyumbe mbele na nyuma, kama ndoo inayoning'inia kwenye kamba ya kisima. Mzee, usiusukume kwa nguvu, uache wenyewe. Hivyo hivyo. Mara kumi.