Suluhu Siyo Kunyamazisha

Leo tumechagua neno moja tu, suluhu, maana tunalitumia ovyo.

Hebu tulitazame. Lilitoka Kiarabu, shina moja na maslahi, yaani mambo yanayomfaa mtu. Basi tukisema watu wamesuluhishwa, kila mmoja awe ameyaona maslahi yake. Kuamua ni kingine. Kuamua ugomvi ni kuwatenganisha wanaopigana, tena ni kukata shauri: huyu ana haki, yule hana. Mwanachama akishindwa kurudisha mkopo, mwamuzi atasema lipa. Msuluhishi atauliza pande zote mbili alipe lini, kidogo kidogo vipi, mpaka wapatane. (Wapenzi wa mpira husema timu zimetoka suluhu zisipofungana. Ni sawa, lakini kwetu suluhu si lazima nusu kwa nusu.)

Katiba ya 2010, kifungu cha 159, inaziambia mahakama ziendeleze upatanisho na njia za jadi, mradi zisivunje haki za watu. Hapo tusikilizane vizuri. Mtoto amenajisiwa, wazee wanakaa chini ya mti, mbuzi wanatolewa, baba anapokea, na tunaambiwa ni suluhu. Maslahi ya mtoto yako wapi? Hata hakuulizwa! Unajisi ni jinai chini ya Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006, na mzazi au mzee hana uwezo wa kuifuta kesi. Msimwogeshe mtoto. Mpelekeni hospitali mara moja, saa 72 zisipite, na mkapige ripoti polisi.