Shinikizo, Masizi na Usafi wa Mafuta: Maendeleo ya Injini ya Dizeli katika Magari Madogo

Injini ya dizeli haihitaji cheche. Hewa hugandamizwa ndani ya silinda mpaka joto lake linapita nyuzi 500 za Selsiasi, na mafuta yakipulizwa humo huwaka yenyewe. Rudolf Diesel alifanikisha injini ya namna hiyo Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897, lakini ilikuwa kubwa na nzito, ya kufaa viwanda na meli. Gari dogo lilisubiri hadi mwaka 1936, Mercedes-Benz ilipotoa modeli ya 260 D, iliyopendwa na madereva wa teksi kwa sababu ya ulaji wake mdogo wa mafuta.

Kwa miongo mingi baadaye mafuta yalipulizwa kwanza kwenye chemba ndogo iliyo kando ya silinda. Mwako ulikuwa wa taratibu na mlio ukapungua, ila joto jingi lilipotelea kwenye kuta za chemba. Turbo iliongeza nguvu, kama ilivyokuwa kwa Mercedes-Benz 300 SD ya mwaka 1978. Kisha Fiat Croma ya dizeli ya miaka ya 1980 na Audi 100 TDI ya mwaka 1989 zikaachana na chemba hiyo na kupuliza mafuta moja kwa moja juu ya pistoni. Ulaji wa mafuta ulishuka, lakini injini iligonga kwa kelele.

Dawa ya kelele hiyo ilikuja mwaka 1997 kwa Alfa Romeo 156, gari dogo la kwanza sokoni kutumia mfumo wa reli ya pamoja. Hayo ndiyo mapinduzi makubwa kuliko yote katika historia ya dizeli ya magari madogo. Katika pampu za zamani shinikizo lilitegemea mwendo wa injini: ikizunguka polepole, mafuta hutoka kwa nguvu hafifu. Katika mfumo mpya pampu hujaza bomba nene la chuma, yaani reli, na shinikizo humo hudhibitiwa na kompyuta bila kufungwa na mwendo wa injini. Mwanzoni lilifika baa 1,350; leo mifumo mingi hupita baa 2,000, ilhali tairi la gari dogo hujazwa upepo wa baa 2 hivi. Kompyuta ndiyo inayoamuru nozeli ifunguke lini na kwa muda gani. Tone dogo hutangulia kupasha silinda joto, ndipo mafuta yenyewe hufuata. Kwa hiyo mwako hauanzi kwa kishindo.

Ugumu uliobaki ni moshi. Mwako wenye joto kali hupunguza masizi lakini huzalisha oksidi nyingi za naitrojeni; joto likipunguzwa kwa kurudisha sehemu ya moshi ndani ya silinda, oksidi hupungua na masizi huongezeka. Ndiyo maana usafishaji ulihamia kwenye ekzosi. Peugeot 607 ya mwaka 2000 ilikuja na chujio la masizi, ambalo hujisafisha kwa kuyachoma kwenye joto la nyuzi 600 hivi. Gari linaloshinda kwenye foleni ni nadra kufikia joto hilo, na chujio huziba. Oksidi nazo hutibiwa kwa kimiminika cha urea ya asilimia 32.5. Kiwango cha Ulaya cha Euro 6 huruhusu miligramu 80 tu za oksidi hizo kwa kilomita. Septemba 2015 ilibainika Marekani kwamba Volkswagen iliweka programu iliyotambua kipimo cha maabara na kusafisha moshi wakati huo tu. Teknolojia ya kusafisha moshi ilikuwepo. Kilichokosekana ni uaminifu, na soko la dizeli Ulaya halijarudi lilipokuwa.

Afrika Mashariki mjadala huu hauepukiki, kwa kuwa Hilux na Prado nyingi za barabarani zina reli ya pamoja. Salfa huharibu vifaa vya kusafishia moshi, na tangu mwaka 2015 kiwango cha kanda kimekuwa sehemu 50 kwa milioni. Uchakachuaji, yaani kuchanganya dizeli na mafuta ya taa, ni hatari zaidi. Pampu na nozeli hulainishwa na dizeli yenyewe, nayo mafuta ya taa hayana uwezo huo wa kulainisha. Chuma husagana na chembe zake huziba nozeli. Maji nayo huleta kutu, hivyo chujio la mafuta lenye kitenganisha maji lazima limwagwe maji mara kwa mara.

Ufundi pia umebadilika. Nozeli nyingi huchongwa msimbo wake, na mpya ikifungwa bila msimbo huo kuingizwa kwenye kompyuta, injini hutetemeka na kutoa moshi. Zamani fundi alitafuta silinda isiyochoma kwa kulegeza nati za mabomba ya nozeli, moja baada ya nyingine, injini ikiwa inaunguruma. Kwenye reli ya pamoja kitendo hicho kinaweza kuua, kwa kuwa mafuta ya shinikizo hilo hupenya ngozi na kuingia mwilini. Silinda hiyo sasa hutafutwa kwa mashine ya uchunguzi, na bomba hufunguliwa tu baada ya injini kuzimwa na shinikizo la reli kushuka kabisa.