Daudi Hakungoja Aitwe



Injili ya Yohane yatusimulia habari za mwanamke Msamaria aliyekutana na Bwana kisimani. Hakungoja amalize mafundisho yote. Aliuacha mtungi wake palepale, akarudi mjini kuwaita watu, hali yeye mwenyewe angali akijiuliza kama huyu ndiye Kristo. Sisi kwa kawaida twashika njia nyingine. Twasema tutawafundisha wengine tukishaelewa vema. Miaka yapita, na mtungi ungali kichwani.

Katika nchi ya Waacholi, kaskazini mwa Uganda, kijana mmoja, Daudi Okelo, alibatizwa mwezi wa Juni 1916. Mwaka uliofuata, katekista wa Paimol alifariki dunia. Daudi alikwenda mwenyewe kwa Padre Cesare Gambaretto, mkuu wa misioni ya Kitgum, akaomba kushika nafasi ya marehemu. Tuangalie hesabu hiyo, ndugu zangu: hata miaka miwili ya ubatizo alikuwa hajatimiza! Padre hakumficha hatari za huko, wala urefu wa njia. Mwishoni mwa mwaka 1917 alitumwa, akifuatana na Jildo Irwa, aliyekuwa bado mtoto.

Kazi yao haikuwa ya makuu. Alfajiri Daudi alipiga ngoma kuwakusanya wakatekumeni kwa sala. Mchana, watoto walipokuwa wakiwasaidia wazazi wao mashambani au wakichunga mifugo, aliwafuata kulekule. Jildo aliwavuta wenzake kwa michezo. Nasi watu wazima twasahau upesi kwamba mchezo nao ni mlango wa katekisimu. Jioni ilikuwa Rozari. Basi, hayo tu, kwa muda usiotimia hata mwaka mzima. Mwezi wa Oktoba 1918 walikuja watu wakamtaka Daudi aache kufundisha dini. Alikataa, wakamwua kwa mikuki, na Jildo pia. Tarehe 20 Oktoba 2002 Papa Yohane Paulo II aliwatangaza kuwa Wenye Heri.

Sisi hatudaiwi damu. Twadaiwa saa moja ya Jumamosi, na hiyo nayo twaiona nzito. Twajitetea kwamba elimu yetu ni ndogo, kana kwamba Daudi alikuwa na shahada! Alijua sala na maswali ya katekisimu aliyofundishwa, akawapa wengine hayohayo. Mtoto anayeuliza leo juu ya Mungu hawezi kuambiwa asubiri hadi padre arudi kigangoni mwezi ujao. Kufikia wakati huo atakuwa amekwisha kuacha kuuliza.

Je, Jumamosi hii ni nani atakayewafundisha watoto wa jumuiya yetu? Kama nafasi ingali wazi, tumwone katekista leo baada ya Misa, kabla hatujarudi nyumbani.