Tunza Sanduku la Jirani



Leo ninataka tuzungumze juu ya urithi wa mji wetu. Ninajua mmoja atasema: "Sisi tunatafuta unga wa bukari, wewe unatuletea habari za picha za zamani!" Univumilie kidogo. Urithi na amani vinakaa nyumba moja.

Mimi ni mtu wa Makomeno, hapa Lubumbashi. Wakati wa utoto wangu, kila nyumba ya avenue yetu ilikuwa na lugha yake. Jirani wa kuume alitoka Kasai, wa kushoto alitoka Maniema, na mbele yetu alikaa mzee Mgiriki mwenye duka mjini. Mama yangu alipopika bukari na sombe, alituma sahani kwa jirani, na sahani ile haikurudi tupu hata siku moja. Nje, sisi watoto tulisema Kiswahili hiki chetu cha Lubumbashi. Watu wa pwani wanakicheka, lakini ndicho kilichotuweka pamoja.

Mwaka 1993, wakati watu wa asili ya Kasai walipofukuzwa katika Katanga, yule jirani wetu wa kuume aliondoka usiku. Aligonga mlango, akampa mama sanduku dogo, akasema tu: "Mama, unitunzie hii." Ndani mlikuwa na picha za ndoa, karatasi za ubatizo za watoto, na kitabu cha kazi cha baba yake. Mama hakuweza kumzuia asiende, na jambo hilo lilimwumiza mpaka uzee. Lakini sanduku alilitunza. Miaka mingi ikapita, na siku moja binti wa jirani yule akarudi, amekuwa mtu mzima. Alipofungua sanduku aliona sura ya babu yake kwa mara ya kwanza. Siku ile hakuuliza habari ya nyumba wala ya vitu vingine. Alimkumbatia mama, wakalia pamoja.

Nami niseme kosa langu. Mzee Mgiriki alipoondoka, aliacha daftari za duka lake. Sisi vijana tulizichana tukafungia karanga za kuuza. Katika daftari zile yaliandikwa majina ya avenue nzima, nani alikopa sukari, nani alilipa. Jina la baba yangu lilikuwamo. Leo natamani hata ukurasa mmoja, wala sina.

Ndugu zangu, mji huu haukujengwa na kabila moja. Ulianza mwaka 1910 kwa jina la Elisabethville, mwaka ule ule gari la moshi lilipofika kutoka Rhodesia. Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ilileta wafanyakazi kutoka Rhodesia ya Kaskazini, ndiyo Zambia ya leo, na kutoka Nyasaland, Kasai, Maniema, Rwanda na Burundi. Wagiriki, Waitaliano na Wayahudi walikuja kwa biashara. Sinagogi lao lingali limesimama katikati ya mji. Wengi wa Wayahudi hao walitoka kisiwa cha Rhodes, na Rabi Moïse Levy, aliyefika mwaka 1937, aliwaongoza kwa zaidi ya miaka 50.

Mwaka 1944 Wajerumani waliwakamata Wayahudi waliobaki Rhodes, zaidi ya watu 1,600, wakawapeleka Auschwitz, na karibu wote walikufa. Basi nyimbo, sala na vyakula vya kisiwa kile vilibaki kwa wale waliokwisha kusafiri, na baadhi yao walikuwa hapa kwetu. Leo waliobaki Lubumbashi ni wachache sana. Je, watoto wetu wanaopita mbele ya sinagogi wanajua ni nyumba ya nani?

Wengine wananiambia: "Ukikumbusha watu mambo ya zamani, utafungua vidonda." Ninawaelewa. Mwaka 1961, makumi ya maelfu ya Waluba walikimbilia kambi ya Umoja wa Mataifa katika mji huu huu. Mwaka 1992 na 1993 fitina ikarudi. Lakini angalieni namna fitina inavyofanya kazi. Kwanza inasema, "Watu hawa hawakuwa na kitu hapa." Maneno hayo yanaaminiwa upesi pale ambapo hakuna picha, hakuna kaburi linalotunzwa, hakuna mzee wa kusema, "Hapana, baba yake alichimba shaba pamoja na baba yangu." Kumbukumbu ya kweli inaunguza uongo. Ikiwa tunasema ya kweli, tuseme yote, mazuri na mabaya, ya kabila letu na ya kabila la jirani.

Kazi hii wengine wamekwisha kuianza. Mwaka 1965 André Yav aliandika kwa Kiswahili chetu historia ya Elisabethville, jinsi watumishi wa nyumbani walivyoiona. Mwaka 2000 walimu wa Université de Lubumbashi walianza mradi wa Mémoires de Lubumbashi, wakakusanya habari na vitu kutoka kwa wakaaji wenyewe. Sisi tuendeleze nyumbani.

Familia mliotoka Mitwaba, Pweto, Manono au Kasai: andikeni majina ya wazazi, ya kijiji, ya mto mliochota maji. Wafundisheni watoto nyimbo zenu, na muwaache wajifunze za wenyeji pia. Mkiwa na picha, andikeni nyuma yake ni nani na ni mwaka gani.

Mashefu wa mitaa: waiteni wazee wa kila asili wakae pamoja, vijana waandike maneno yao katika daftari moja ya mtaa. Siku ya kusafisha makaburi, safisheni pia yale yasiyo na ndugu. Na mtu akirudi kuuliza kitu cha wazazi wake, msimfukuze mlangoni. Mpeni kiti kwanza, msikilizeni, kisha mtafute ukweli pamoja naye.

Na wewe uliyebakiwa na kitu cha jirani aliyekwenda, hata kama ni picha moja, kitunze. Mwenyewe anaweza kuchelewa miaka mingi. Atakapogonga mlango, akute kuna mtu aliyemkumbuka.