Pakanga na Askari wa Msituni

Katika vita vya Vietnam, malaria iliwaangusha askari wengi. Tarehe 23 Mei, 1967, China, jirani na mshirika wa Vietnam ya Kaskazini, ilianzisha mpango wa siri wa kijeshi, Mradi wa 523, ili kutafuta kinga na tiba. Waganga wa jadi wa Kichina huiona homa kuwa ni joto lililovuruga ulinganifu wa mwili, nayo pakanga huupoza. Ge Hong, katika karne ya 4, aliagiza iloweshwe majini na kukamuliwa, kuchemsha hakukutaja. Hapo ndipo Bibi Tu Youyou alipogutuka, akaepuka moto mkali. Mwaka 1971 dawa yake iliangamiza vimelea katika panya na nyani. Ulinganifu ulielekeza tu. Kilichothibitisha ni majaribio. Dawa mseto ya malaria ina asili hiyo.