Wakati Mvua Inaporudi Kando ya Ziwa

Wenye watoto wadogo sana wakae kule kivulini, wengine wasogee karibu kusudi wasikie.

Leo hatutasema juu ya ugonjwa mmoja tu. Tutasema juu ya nyumba, namna inavyokaa tangu mwezi wa 9 mpaka mwezi wa 11, wakati kiangazi kinakwisha na mvua inarudi. Ninyi mnaoishi kando ya ziwa Tanganyika, kule Uvira, Baraka, Kalemie na vijiji vya katikati, mnajua kwamba miezi hii haifanani na mingine. Na sisi tunaoandika karatasi za watoto tunaijua kwa njia yetu. Mtoto aliyekuwa akipanda vizuri wakati wote wa kiangazi, sasa mstari wake unalala. Mwezi unaofuata unashuka.

Kwa nini? Kwa sababu mambo mengi yanaangukia nyumba kwa mara moja. Masomo yanaanza. Ni kweli kwamba tangu 2019 serikali ilisema shule za msingi za serikali ni bure, lakini daftari si bure, wala nguo ya shule, wala viatu. Tena mvua ya kwanza ikianguka mama anatafuta jembe, maana muhogo na maharagwe havingoji. Mashamba yenu yako juu mlimani. Mama anapanda mapema, anarudi jua likianza kulala. Mtoto wa miezi 9 amebaki na dada yake wa miaka 8. Huyo dada anampa nini? Anampa kile kilichobaki katika sufuria, kama kimebaki. Halafu baba yuko ziwani usiku, na mchana amelala. Hapana mtu mbaya katika nyumba hiyo. Kila mtu anafanya kazi. Lakini hapana mtu anayemtazama mtoto akila.

Sasa tuseme juu ya ndagala, maana hapa kuna jambo linalotuumiza sana.

Wavuvi wanavua kwa taa, na usiku wa giza ndagala wanakuja kwa mwangaza. Asubuhi mapema wamama wako pwani na mabeseni. Mnanunua, mnaanika mchangani, mnageuza, mnakusanya kabla ya wingu kufika. Gunia linakwenda sokoni, lingine linapanda lori mpaka mbali sana, kwa watu ambao hawajaona ziwa hata siku moja. Watoto wao wanakula ndagala wa kwenu. Na mtoto wako? Anakula bugali na sombe, mchana na usiku, na sombe yenyewe haina kitu ndani. Kisha mnatuletea mtoto miguu imevimba, nywele zimegeuka rangi na kuwa nyepesi, ngozi inatoka kama inayoungua, uso una huzuni, chakula hataki. Mnaulizwa, mnajibu: “Hapana, anashiba, ona vile amenenepa miguu.” Wamama, huko si kunenepa. Ni bwaki. Na bwaki katika nyumba inayouza samaki ni jambo la kusikitisha kuliko bwaki ya mahali pengine.

Hatusemi msiuze. Mkiacha kuuza, chumvi itatoka wapi, na sabuni? Tunasema hivi: kabla ya kufunga gunia, toa sehemu ya mtoto. Kila siku mkono mmoja uliojaa. Usiuweke pamoja na wa kuuza, maana mnunuzi akifika utauchukua tu. Uweke katika kopo lenye kifuniko, na watu wote wa nyumba wajue: hili ni kopo la mtoto.

Kwa kutengeneza ni rahisi. Ndagala aliyekauka mchangani ana mchanga, basi mpepete, umwoshe mbio kwa maji safi, umkaushe tena. Mkaange katika sufuria kavu bila mafuta mpaka avunjike mkononi. Mtwange yeye mzima, kichwa na mifupa, maana mifupa hiyo midogo inajenga mifupa ya mtoto. Chekecha. Uji ukikaribia kuiva tia vijiko 2 vya chakula vya unga huo na kijiko kimoja kidogo cha mawese. Mawese mnayo. Uji wenyewe usiwe maji matupu. Ukiinua kijiko ukimwagika kama chai, huo unajaza tumbo lakini haujengi mwili. Mtoto aliyetimiza miezi 6 apewe uji huo na aendelee kunyonya mpaka miaka 2 au kupita. Aliye chini ya miezi 6, ziwa la mama tu. Hata maji hapana, hata siku ya joto.

Kuna mama atasema: “Na wakati wa mbalamwezi, hakuna ndagala, nitatoa wapi?” Swali zuri. Mwezi ukiwa mkubwa taa hazina nguvu, wavuvi wengi wanapumzika siku kadhaa, na franka zinapumzika pamoja nao. Zaidi ya hayo, mvua ikianza ndagala hawakauki vizuri, wanaoza, mnauza kwa hasara. Kwa hiyo kopo la mtoto lijazwe siku za giza, wakati samaki ni wengi na bei iko chini. Unga ukikauka vizuri na kopo likifungwa, utavuka mbalamwezi. Wale wanaoanika juu ya tara badala ya mchangani wanapata ndagala safi zaidi na wanaokauka upesi, kwa sababu upepo unapita hata chini. Wakati wa mvua tara inalipa kazi yake.

Tukisema juu ya kuanika, tuseme na juu ya chandarua. Tunapita katika vijiji, tunaona chandarua cha kulalia kiko mchangani, ndagala wako juu yake. Kingine kimeunganishwa na vingine, kimekuwa wavu. Tunajua sababu. Wavu wa kweli unanunuliwa kwa pesa, chandarua kilitolewa bure. Lakini fikirini. Chandarua hicho kimetiwa dawa ya kuua wadudu, nanyi mnaanika juu yake chakula cha watu. Tena matundu yake ni madogo sana, kinakamata hata watoto wa samaki ambao mwaka unaokuja wangekuwa ndagala wa kuuza. Na usiku, mbu wa mvua mpya wanatoka katika kila dimbwi, katika mitumbwi mibovu yenye maji, katika mashimo mliyochimba kwa kufanya matofali. Mtoto amelala wazi. Hesabu ninyi wenyewe: beseni moja la samaki wadogo kwa upande huu, na kwa upande mwingine siku 3 za homa, dawa, pengine damu ya kuongezwa. Kama kimepasuka, kishone. Wanawake wa wavuvi mnajua kushona wavu kuliko sisi. Na mtoto akipata moto mwilini, msingoje usiku 2 mkimpaka majani. Mleteni siku ile ile apimwe damu.

Sasa maji. Hapa tutakawia kidogo.

Mama mmoja mzee huuliza kila mara: “Ziwa ni kubwa hivi, litachafuka namna gani? Babu zetu walikunywa.” Ni kubwa kweli. Urefu wake unapita kilometa 600, na mahali penye kina kirefu linapita metre 1,400. Lakini wewe huteki maji kule katikati. Unateka pwani, maji yakifika magotini, kwa sababu unaogopa mamba, na una haki ya kuogopa. Pale pale watoto wanaoga, vyombo vinaoshwa, nguo za mgonjwa zinafuliwa. Juu ya hayo mvua ya kwanza inateremka. Kiangazi chote uchafu ulikaa vichakani, nyuma ya nyumba, katika mifereji. Mvua ya kwanza ni kama ufagio. Inafagia kilima chote, na inafagia kwenda ziwani, pale unapoweka bidoni yako.

Kipindupindu kimetembea kando ya ziwa hili tangu miaka ya 1970, na Uvira na Kalemie ni kati ya miji ya nchi yetu inayokijua sana. Si sumu iliyowekwa na jirani. Tunasema hivyo kwa sababu kila mwaka watu wanapotelewa na siku nzima wakitafuta aliyewaroga, na katika siku moja kipindupindu kinaweza kumaliza mtu mwenye nguvu. Ni mdudu anayetoka katika choo cha mgonjwa na kuingia kinywani kwa maji, kwa mikono, kwa chakula. Anasafiri pia na wavuvi, wanaofuata samaki kutoka kambi moja mpaka nyingine. Kuna chanjo ya kunywa, nayo ilitolewa kwa watu wengi wa Uvira mwaka 2020. Ikifika kwenu kunyweni, lakini msiache kusafisha maji kwa sababu yake.

Basi mfanye nini? Kuchemsha maji ni vizuri, lakini makala ni bei, tunajua. Kama kuna watu wa klore pwani kwenu, pitisha bidoni kwao, usione aibu ya kungoja. Dawa ikishaingia acha dakika 30 kabla ya kunywa. Kisha angalia bidoni yenyewe. Bidoni yenye ute wa kijani ndani inaharibu maji mazuri. Tia mchanga mkavu na maji kidogo, tikisa kwa nguvu, mwaga, suuza. Maji ya kunywa yamiminwe, watoto wasichovye kikombe na mkono ndani. Na baba anapokwenda ziwani, mpe bidoni ndogo ya maji safi. Wavuvi wanakunywa kwa mkono pale walipo, na kwa haja zao pia wanajisaidia pale pale. Mwambieni kwa heshima, wakati ameshakula, si wakati anarudi bila samaki.

Choo kisiwe karibu na maji. Mnakumbuka mafuriko ya Uvira ya mwezi wa 4 mwaka 2020, na mwaka 2024 ziwa lilipopanda likaingia katika nyumba za watu. Vyoo vilivyokuwa pwani vilifunguka, maji na choo vikawa kitu kimoja. Atakayejenga tena apande juu kidogo, hata kama ni mbali na mtumbwi.

Mtoto akianza kuhara, msimkataze maji. Wengine wanasema: “Akikunywa ndiyo anaharisha zaidi, mumuache akauke.” Kukauka ndiko kunamwua. Mpe serumu ya paketi katika litre moja ya maji safi. Kama huna paketi, chukua litre moja ya maji safi, tia vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vyote viwe sawasawa, si vya kulundika. Onja. Isiwe na chumvi kuliko machozi. Kila akihara, aliye chini ya miaka 2 apewe robo ya kikombe mpaka nusu, mkubwa zaidi nusu mpaka kikombe kizima. Akitapika, ngoja dakika 10, uanze tena kwa kijiko, polepole. Endelea kunyonyesha. Hapa tutakupa vidonge vya zinki, navyo vinapewa siku 10 mpaka 14, hata kama kuhara kumesimama siku ya tatu. Wengi wanavificha kwa mtoto mwingine. Msifanye hivyo.

Lakini ukiona choo ni kama maji ya mchele, au macho yameingia ndani, au ukimfinya ngozi ya tumbo inakawia kurudi, au hawezi kunywa, usingoje asubuhi, usingoje baba arudi kutoka ziwani. Njoo usiku. Mpe serumu njiani.

Jambo la mwisho ni huyo dada wa miaka 8. Msimwachie mtoto bila neno. Kabla ya kupanda shambani, pika uji wa kopo, uweke sehemu 2 katika vyombo vyenye kifuniko, mwonyeshe: “Hii wakati jua liko hapa, hii wakati jua liko pale. Uipashe moto mpaka ichemke. Nawa mikono kwanza, na yake pia.” Mtoto wa miaka 8 anaweza kusikia hayo akionyeshwa vizuri. Siku ya masomo mwombe nyanya au jirani anayebaki, na wewe umlindie wake siku nyingine. Kama mtoto bado ananyonya tu, usimwache. Panda naye shambani, umlaze kivulini, umnyonyeshe kila mara.

Sasa mizani iko tayari. Walio na watoto wa chini ya miezi 6 watangulie, wengine washike karatasi zao mkononi kusudi tusichelewe. Na yule mama aliyesema pale nyuma kwamba mtoto wake amehara usiku, asikae katika mstari. Mama, njoo hapa mbele.